Kiangazi cha Butoyi

Jumatatu, 9 Juni 2014

Maji tena. Mnyororo wa baiskeli umechomoka kwenye kona ya mikaratusi, na vidole vikishakufa ganzi haviwezi kurudisha mnyororo. Nimetukana peke yangu njiani mpaka nikaona aibu. Madumu yamefika nyumbani. Mengine yamenimwagikia kwenye suruali.

Baridi ya mwaka huu ina hasira. Heru Juu yote imezama kwenye ukungu, paa la kanisa halionekani, nyasi zinakulowesha mpaka magotini. Na chemchemi inafuka. Miaka yote niliwasikia wanawake wakisema maji ya bondeni yanafuka asubuhi za kiangazi, nikadhani ni porojo za kwenye foleni. Yanafuka kweli. Ukitia mkono ni ya uvuguvugu, wakati mawe yaliyo pembeni yake ni baridi kama chuma. Kuna jiko gani huko chini? Nani analichochea? Nimesimama nikashangaa mpaka dumu likafurika, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Baba Bukuru, wenzako nao wana vyungu."

Baba Bukuru. Bado nageuka kuangalia anaitwa nani.

Evelina ametoka hospitali mjini Kasulu Ijumaa na mapacha. Majina hatukuyaumizia kichwa, kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, imekwisha. Bukuru wa kiume, Butoyi wa kike. Wamekuja kabla ya siku zao, na mke wangu amepasuliwa. Bukuru ana sauti. Butoyi akilia unasikia bawaba isiyotiwa mafuta, basi.

Amri za nesi: njiti hakai kitandani, anakaa kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha, mpaka atakapokataa mwenyewe. Moshi marufuku chumbani. Maji yote yachemke. Kwa hiyo Evelina amemfunga Bukuru, mama yangu amemfunga Butoyi, na mimi ni mtu wa maji. Fundi seremala mzima, mtu wa maji.


Jumatano, 11 Juni

Kitanda cha watoto kimekaa pembeni ya chumba. Mninga mtupu, hakina hata msumari mmoja, nimekipiga msasa mpaka shavu linateleza. Nilikianza tumbo la Evelina lilipoonekana tu. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna anayekitaka. Leo mama amemwaga humo maharage aliyopura jana, ati mahali pakavu.

Nimenuna. Evelina amecheka mpaka akashika mshono. Ati ningeacha mbao nikajitengenezea kifua kipana.


Ijumaa, 13 Juni

Lazaro ananitafuta ubaya.

Anakaa chini yetu, karibu na bonde. Mwaka huu anafyatua matofali, na amechagua kufyatulia hapo hapo kando ya chemchemi ili asibebe maji mbali. Ana pipa. Anachota, anamwaga kwenye udongo, anakanyaga, anachota tena. Kiangazi chenyewe mkondo unapungua, sasa umebaki wembamba wa kidole na maji yametibuka. Wanawake wanasubiri yatulie ndipo wakinge. Mimi nasubiri nao, koti limelowa ukungu, nikiwaza nepi zilizojaa beseni.

Nimemwambia. Kanijibu bila kuinua kichwa: paa lake la nyasi linavuja, wanawe wanalowa kila masika, na matofali hayafyatuliwi mvua ikinyesha. Hajasema uongo. Ndiyo maana nimekasirika zaidi.


Jumatatu, 16 Juni

Mama anakohoa. Alianza Jumamosi, akaficha. Jana kanisani hatukwenda. Leo nimemsikia akikohoa na Butoyi akiruka kifuani mwake kila kikohozi, nikasema hapana.

Tumempeleka zahanati. Nesi amemtoa mtoto kwa bibi palepale. Evelina kajaribu kuwafunga wote wawili, akafika mlangoni jasho linamtoka, mshono bado mbichi. Nesi akanigeukia.

"Na wewe baba una kifua, au hicho ni cha kulalia randa tu?"

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilikuwa naogopa.


Jumanne, 17 Juni

Sijui niandike nini. Penseli ya useremala, nimeegemea ukuta, na Butoyi yuko ndani ya shati langu.

Ana uzito wa nyundo ndogo. Kichwa chake kinakaa chini ya kidevu changu. Miguu ameikunja kwenye kitenge. Nilidhani nitamsikia akipumua, kumbe namsikia moyo. Unakwenda mbio mno. Wangu unakwenda polepole, wake mbio, halafu kuna wakati, sielewi, naona kama inasikilizana. Evelina anasema ni mawazo yangu. Nimekaa hivyo asubuhi yote nikishindwa hata kumeza mate vizuri. Mtu mzima, ndevu zote hizi, nikalia. Afadhali mama alikuwa nje.

Anatoa joto! Kidude cha namna ile, kinatoa joto. Nililiona kwanza kwenye chemchemi, sasa liko kifuani kwangu.


Jumatano, 18 Juni

Tatizo: vifua viwili vimepata wenyewe, maji hayana mtu. Mama amekwenda bondeni na dumu dogo kichwani, kikohozi chake nakisikia toka mwanzo wa kilima. Amekataa kukatazwa. Kazi ya fremu za mteja wa Kibondo imelala. Siwezi kupiga randa na mtoto kifuani. Siwezi hata kuinama.

Kijiji kimeshapata hadithi. Kijana wa bodaboda amepunguza mwendo nje ya uzio kunitazama, akapiga honi. Ati baba kangaruu. Nimempungia mkono.


Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jambo la kijinga.

Mama kaamka hawezi kusimama. Tangi la maji ya kupikia kavu. Nikamwachia Evelina wote wawili kwa muda, nikachukua baiskeli. Bondeni foleni ndefu, maji rangi ya chai ya maziwa, na Lazaro amejaza pipa lake pomoni. Nikamwomba anipe kidogo kutoka kwenye pipa. Akasema nisubiri zamu kama wenzangu. Kusubiri! Mke wangu amekaa na watoto wawili wanaomlemea, mama yuko kitandani, na huyu anasema zamu.

Nikapanda baiskeli nikapita juu ya matofali yake. Mabichi, yamepangwa yakauke, safu nzima. Nikageuza nikapita tena. Tairi lilizama kama kwenye ugali.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma. Wanawake walinitazama tu, na Lazaro akasimama na udongo mpaka magotini, mikono imening'inia. Nimerudi bila maji. Mama akauliza kulikoni, nikasema mnyororo.


Ijumaa, 20 Juni

Mama ameshajua. Kanigeuzia mgongo, akakohoa ukutani.

Tumechemsha maji yaliyobaki kwenye mtungi wa kunywa. Nepi zinanuka. Baridi imeongezeka, upepo unapita kati ya ukuta na paa. Sina uso wa kwenda bondeni.


Jumamosi, 21 Juni

Nimefungua mlango alfajiri nikakuta madumu yamesimama mbele ya kizingiti. Matatu, yamejaa, vifuniko vya majani ya mgomba. Maji safi, bado yana uvuguvugu.

Baadaye wakaja wanawake wawili, madumu vichwani juu ya kata, wakamimina kwenye tangi letu. Mimi hawakunisalimu. Wamemsalimu Evelina, "Mwakeye, mama," wakamtazama Bukuru, wakaomba kumwona na Butoyi. Ikabidi nifungue shati mbele yao. Walimtazama mtoto, hawakunitazama mimi.

Hapa nyumba yenye mzazi haikai bila maji. Nimeyajua hayo toka utotoni. Nilidhani desturi hiyo nimeivunja pamoja na yale matofali, kumbe si yangu kuivunja. Mmoja wa wale wawili ni Mama Anitha, mke wa Lazaro. Amemimina dumu lake lote, akakung'uta tone la mwisho, akaondoka. Nilitaka ardhi inimeze.


Jumatatu, 23 Juni

Lazaro amewasha tanuru. Moshi wake umelala bondeni, haupandi, baridi imeukandamiza. Mama amepata nafuu kidogo, anapika.

Butoyi ananyonya kidogo kuliko jana. Evelina anamkamulia maziwa kwenye kijiko. Mengine yanatoka pembeni ya mdomo.


Jumanne, 24 Juni

Miguu yake ni ya baridi. Nimeishika mara nyingi leo, kila mara nikijiambia ni mikono yangu ndiyo ya baridi. Si mikono yangu.

Chumba chetu ni friji. Ukuta wa udongo umenyonya baridi ya wiki nzima. Nimevaa mzula kichwani, nimejifunika blanketi mbili juu yake, na bado namhisi akipoa, taratibu, kama chai uliyoisahau. Halii tena. Natamani ile bawaba.

Mama akaingiza jiko la mkaa. Ndivyo alivyotulea sisi, anasema, na tupo. Bukuru akaanza kukohoa, macho ya Evelina yakajaa maji. Nikalibeba jiko nikalimwaga uani. Mama akaniambia maneno. Nikamjibu. Sijawahi kumjibu mama yangu namna ile. Ametoka akakaa jikoni, na mimi siwezi kumfuata kwa sababu huko kuna moshi na nina Butoyi. Naogopa. Naandika ili nisifikiri.


Jumatano, 25 Juni

Nimesubiri jua litoke, nikamfunga vizuri, koti juu, nikatembea naye zahanati. Mama akanifuata nyuma, hatusemezani, ila ameshika mwavuli kunikinga upepo njia nzima.

Nesi amempima, amemsikiliza kifua. Haoni homa wala kichomi. Mtoto amepoa, na akipoa anachoka, na akichoka hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Amenionyesha kumpa maziwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Nipashe chumba joto bila moshi. Nikamuuliza nipasheje. Akasema angejua angepasha na wodi yake. Kesho asipobadilika, mjini moja kwa moja.

Kurudi nimemwomba mama radhi njiani. Akasema, "Tembea, unampulizia mtoto upepo."

Jioni, jua likiwa linazama. Toroli mlangoni. Nikadhani ni mteja. Ni Lazaro, uso mweusi kwa masizi, na kwenye toroli kuna magunia yaliyolowa yanafuka. Mama Anitha nyuma yake. Ameambiwa na mkewe, mkewe kaambiwa na mama yangu pale zahanati. Mimi nikiwa kwa nesi, mama alikuwa anazungumza na watu.

Akafunua gunia. Matofali. Ameyatoa mdomoni mwa tanuru.

"Baba Bukuru, tofali likishaiva halina moshi."

Akauliza aweke wapi. Sakafuni joto litaliwa na udongo, na kitanda chetu kiko juu. Akaangaza macho chumbani, akaona kitanda changu cha mninga. Mama akatoa maharage. Tukatandika kipande cha bati na majivu mengi, tukayapanga matofali humo, tukakisogeza ubavuni mwa kitanda chetu. Mbali na mtoto, Lazaro akasema mara mbili, yasimguse.

Chumba kikabadilika. Sijui kueleza. Joto lisilo na moto, halina sauti, halina harufu ila ya udongo mkavu. Lilinijia usoni kama mtu amesimama pale. Kuta zikaacha kutoa baridi. Evelina akafungua kanga shingoni. Butoyi sikumwona akibadilika, nilimhisi tu, vidole vya miguu kwanza.


Alhamisi, 26 Juni

Amenyonya.

Amenyonya! Alianza akiwa kifuani kwangu, akitafuta, akinivuta ngozi kwa mdomo, akakasirika kwa kukosa. Nikampa mama yake mbio. Amenyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Halafu akalia. Bawaba, kavu kabisa, nzuri mno.

Mama amecheza uani peke yake, na kikohozi chake.

Lazaro amekuja na toroli asubuhi, akachukua yaliyopoa, akaacha ya moto. Nikaanza kumwambia kuhusu siku ile. Akanikata: matofali yale yalikuwa na nyufa, yangepasuka tu. Anasema uongo. Udongo wake ni mzuri, kila mtu anajua. Nimemwambia nyumba yake ikisimama, milango na madirisha ni yangu, mninga, na asithubutu kubisha. Hakubisha. Akaomba tu aone mtoto. Nilifungua shati. Akatazama kwa muda mrefu, akafuta pua kwa kiganja, akachafua uso zaidi.


Jumapili, 29 Juni

Ubavu mmoja wa kitanda changu umeungua. Alama nyeusi, umbo la tofali kamili. Bati lilisogea. Wiki mbili zilizopita ningelia.


Jumatano, 2 Julai

Leo nimeshuka bondeni na Butoyi. Evelina alinikataza, nesi akaruhusu, nikamfunga chini ya koti. Nilitaka kumwonyesha. Nani humwonyesha mtoto wa namna hii? Hata macho hafungui sawasawa.

Ukungu ulikuwa mzito, hatua chache mbele huoni kitu. Nikafuata sauti ya maji. Lazaro ameshamaliza kufyatua, pipa ameliondoa, na mkondo umerudi mnene, mweupe. Chemchemi inafuka. Upande wa pili tanuru nalo linafuka. Amelifunga midomo kwa udongo ili lipoe polepole, kasoro mmoja anaotolea matofali yetu, lakini kwenye nyufa unaona wekundu kwa ndani, mbali, umekaa kimya. Nikasimama katikati. Huku joto la maji, huku joto la moto, na shatini joto la tatu. Kila kitu kingine Heru Juu ni baridi. Nikahisi mdogo. Nikahisi vizuri kuwa mdogo.

Wanawake wakanipisha mbele ya foleni. Nikasema sina dumu, nimekuja tu. Wakacheka. Mmoja akanawa mikono kwenye maji yale mpaka yakampa joto, akaja akamshika Butoyi kichwa. Kisha mwingine. Wote wakafanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, wananawa kwanza. Hakuna aliyewaambia.


Jumapili, 6 Julai

Tanuru limepoa. Toroli la mwisho leo. Matofali yalikuwa ya uvuguvugu tu, Lazaro akaomba radhi kana kwamba kupoa ni kosa lake.

Mchana kuna joto la kutosha sasa. Asubuhi bado. Nimekandika pengo lote kati ya ukuta na paa kwa udongo aliobakiza. Ni kazi ya saa chache. Ningeweza kuifanya Mei.


Jumamosi, 19 Julai

Butoyi anatoka jasho. Anapiga teke. Anasukuma kifua changu kwa ngumi zote mbili na kutoa kichwa nje ya shati kutafuta hewa. Bukuru alishakataa kubebwa tangu juzi. Nesi kamweka Butoyi kwenye mizani, akaandika, akachora mstari, akanipa mkono wa pongezi kama nimefaulu mtihani. Amesema huyu hanihitaji tena kwa kazi hiyo.

Nimerudi nikipiga mluzi. Nyumbani nikamfunga tena, kidogo tu. Evelina aliona, akaendelea kukunja nepi.


Jumapili, 3 Agosti

Nimetoa majivu kwenye kitanda. Nimekiosha, nikakianika. Ile alama ya kuungua sikuipiga msasa. Evelina ametandika kitenge, akawalaza wote wawili, Bukuru ukutani, Butoyi upande wa alama. Wamelala papo hapo, miguu imegusana. Mama ametafuta pengine pa kuweka maharage yake.

Asubuhi nimefuata maji. Ukungu mwepesi. Mama mmoja aliita "Baba Bukuru" toka nyuma, nikaitika kabla sijafikiri. Fremu za Kibondo zinakwenda kesho. Za Lazaro nimeshachagua mbao.

Sasa nyumba imetulia. Shati nimelifunga vifungo vyote, na juu yake sweta. Hakuna upepo. Lakini kuna mahali kifuani, chini ya kidevu, panaingia baridi, na blanketi halisaidii. Nimeweka kiganja hapo. Nawasikiliza wakipumua.